Kipande kidogo kilichookoa injini ya Spitfire

Fundi akifungua kabureta ya Morris Minor, utaona boya dogo ndani ya bakuli la petroli. Petroli ikijaa, boya linapanda na sindano inafunga njia. Ikipungua, linashuka na njia inafunguka. Rahisi, au siyo?

Sasa twende Uingereza, mwaka 1940. Injini ya Merlin kwenye ndege za Spitfire nayo ilikuwa na kabureta ya SU, kampuni ileile ya Morris Minor yako. Rubani akiinamisha pua ghafla, petroli ilirushwa juu ya bakuli. Kwanza injini ilikohoa kwa kukosa mafuta, kisha sindano ikaachia, petroli ikafurika, injini ikazima. Messerschmitt 109 za Wajerumani zilipuliziwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda, hivyo zilipiga mbizi na kutoroka.

Mhandisi Beatrice Shilling wa Farnborough, ambaye pia alishindana mbio za pikipiki, hakuunda kabureta mpya. Mwaka 1941 alileta kipande chenye tundu, kama washa, kinachopitisha petroli ya kutosha tu injini ikivuta kwa nguvu zote. Kilifungwa hukohuko viwanjani. Hakikumaliza tatizo lote, ila mafuriko yalidhibitiwa, na marubani wakapata nafasi ya kuwafukuza adui.

Kwa hiyo gari lako la zamani likinuka petroli na kukohoa, usikimbilie kuzungusha skrubu ya mchanganyiko. Angalia kwanza boya na sindano yake. Mchanganyiko hauwezi kukaa sawa kama bakuli linafurika.