Gazeti la Juzi: Tarime, Serengeti na Habari Zilizoandikwa Mbali

Tarime haijawahi kuwa na gazeti lake la kila siku. Mugumu nayo hivyo hivyo. Nikisema hivi watu hushangaa, maana ni sehemu chache za Tanzania zilizoandikwa sana kama hizi: ng'ombe walioibwa, koo zilizopigana, mgodi wa Nyamongo, na nyumbu wanaovuka Mto Mara. Tumeandikwa, tena sana. Ila waliotuandika karibu wote walikaa mbali.

Kwa hiyo historia ya gazeti la kila siku huku kwetu, ukiitazama vizuri, ni historia ya mzigo. Gazeti liliandikwa na kupangwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Likapanda treni hadi Mwanza, likaendelea kwa meli au lori hadi Musoma, halafu likasubiri kivuko pale Kirumi, enzi hizo daraja halijajengwa. Lilipofika Tarime lilikuwa la juzi, kama si la wiki iliyopita. Mwalimu alilisoma, akampa karani, karani akampa mwenye duka. Mwisho likafungia maandazi, au likabandikwa kwenye ukuta wa udongo kuzuia vumbi. Wazee kadhaa wamenisimulia kwamba walijifunza kusoma kwenye kuta hizo.

Lakini kuna mara moja ambapo habari ilitoka huku, ikafika Dar, na nchi nzima ikasimama kuisikiliza. Hiyo ilikuwa 1958. Wakati huo Tarime ilikuwa wilaya ya North Mara, jina ambalo leo limebaki kwenye bango la mgodi wa dhahabu. Ikoma na Mugumu zilikuwa chini ya Wilaya ya Musoma. TANU haikuwa na kiwanda cha uchapaji. Ilikuwa na kijarida kilichotolewa kwa mashine ya kudurufu, Sauti ya TANU, na mwandishi wake mkuu alikuwa Julius Nyerere, mtoto wa Butiama.

Katika toleo moja la mwaka huo Nyerere aliwashambulia mabwana shauri wawili, wa Musoma na wa Songea, akiwatuhumu kuitumia sheria vibaya ili kuwabana watu wa TANU. Serikali ya kikoloni ikamshtaki kwa kashfa. Wakili maarufu wa Uingereza, D. N. Pritt, akaja kumtetea. Agosti 1958 mahakama ikamtia hatiani: faini ya Shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa, na mwezi uliofuata uchaguzi ukaanza.

Kesi hii husimuliwa kama sura ya maisha ya Mwalimu. Sawa. Mimi naisoma kama sura ya historia ya magazeti. Karatasi chache zilizodurufiwa ziliitetemesha serikali kwa sababu aliyeziandika alikuwa mwenyeji wa Musoma. Mambo ya kule hayakumfikia kama tetesi za safarini. Na hakuishia kusema "wananchi walalamika". Alionyesha nani anafanya nini, na wapi.

Mwaka uliofuata, 1959, likazaliwa Ngurumo, gazeti la kila siku la Kiswahili lililomilikiwa na Randhir Thaker, mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye asili ya Kihindi. Lilikuwa na kurasa chache na bei nafuu, na lilipendwa mno na watu wa mjini. Lilikuwa na barua za wasomaji, mashairi, mabishano ya mavazi na ndoa, na vituko vya Kariakoo. Mwaka huo huo filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka Ujerumani, ikaja kushinda Oscar. Hebu ona jambo hili: dunia ilianza kuijua Serengeti kama nchi ya wanyama wasio na majirani, na gazeti letu la Kiswahili lililochangamka kuliko yote lilikuwa limezama kwenye mitaa ya Dar. Mwikoma au Mkurya aliyehama kupisha hifadhi alikosa nafasi pande zote mbili.

Halafu ukaja ukame. 1974 ilikuwa operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa, na magazeti ya kila siku yaliyobaki na nguvu yalikuwa ya Chama na Serikali: Uhuru kwa Kiswahili, Daily News kwa Kiingereza. 1976 Ngurumo likafa, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti lolote. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Kwa Dar hilo lilikuwa jambo la siasa. Kwa Tarime ilimaanisha kwamba Sirari, mlango wetu wa jirani ambako magazeti ya Nairobi yangeweza kupita mapema kuliko ya Dar, ilifungwa hadi mwishoni mwa 1983. Tanzania Bara ikabaki na gazeti moja tu la kila siku la Kiswahili. Asiyekuwa na redio hakuwa na pa kwenda.

Miaka ya 90 ikafungua madirisha: Majira, Nipashe, Mtanzania, na baadaye Mwananchi mwaka 2000. Hapo ndipo alipotokea mtu ambaye historia za magazeti humsahau, yaani korespondenti wa wilayani. Analipwa kwa stori, nauli ni yake, simu ni yake. Niliwahi kuifanya kazi hiyo. Nakumbuka stori moja ya mgogoro wa ardhi niliyoihangaikia siku nne kwa pikipiki. Ilitoka aya tatu, kwenye kona, chini ya tangazo la mnada. Wiki hiyo hiyo stori ya mtu kukatwa panga, niliyoiandika kwa dakika ishirini, ilikaa ukurasa wa kwanza.

Simlaumu mhariri mmoja. Mpangilio wenyewe ndio uko hivyo. Mhariri aliye mbali hununua kile anachokifahamu tayari, na anachofahamu kuhusu Tarime ni panga. Mei 2011 polisi walipowapiga risasi na kuwaua watu watano mgodini North Mara, magazeti yote yalifika. Yalifanya kazi yake. Lakini miaka ya malalamiko ya maji, fidia na mashimo iliyotangulia siku ile ilikuwa imeandikwa kwa aya tatu tatu, kwenye kona.

Ndiyo maana naliangalia kwa jicho la pekee Sauti ya Mara, gazeti linalotoka Tarime kwenyewe. Si la kila siku, na kama gazeti lolote dogo linaishi kwa matangazo ya wakubwa walewale linaotakiwa kuwahoji. Msomaji ana haki ya kuliuliza maswali magumu. Ila linaandika bei ya mahindi, vikao vya halmashauri, matokeo ya shule. Mambo ya kawaida. Na mambo ya kawaida ndiyo yanayokosekana kabisa kwenye kumbukumbu zetu.

Fikiria mwanahistoria wa mwaka 2080 akifungua majalada ya magazeti kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuhusu Tarime na Serengeti atakuta vita, dhahabu na simba. Atahitimisha kwamba hapa hapakuwa na watu waliolima, wakaoana, wakabishana kuhusu barabara. Atakuwa amekosea, na hatakuwa na njia ya kujua.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa yeyote mwenye rundo la magazeti ya zamani huku kwetu, liwe la Uhuru, Ngurumo au la juzi tu. Kabla ya kumpa mama wa maandazi, liangalie. Palipoandikwa jina la kijiji chako, weka.