Nani Alisema Besi Ikae Nyuma?

Siku niliyobeba dabo besi kutoka Nairobi hadi Kitengela, makanga alinitoza fea ya viti viwili, halafu akauliza nani amekufa. Ilikuwa ya kuazima, ina ufa ubavuni, na nyuzi zote nne zimelegea. Kabla ya kuzikaza nikakumbuka swali ambalo mwalimu wangu wa kwanza hakulipenda: nizikaze mpaka wapi, na nani aliamua?

Kawaida ni E, A, D, G, kuanzia uzi mnene. Ukihesabu kutoka E, A ni ya nne, na hivyo hivyo hadi juu. Shingo ya besi ni ndefu, kwa hiyo mpango huu unaupunguzia mkono safari. Basi. Ni makubaliano ya watu wenye vidole vifupi. Mwaka 1966 Red Mitchell, mpiga besi wa jazz kutoka Marekani, aliyaacha. Akatyuni C, G, D, A, kama cello lakini oktava moja chini. Akapata sauti nzito zaidi na nyembamba zaidi kwa nyuzi zile zile nne, ila vidole vikalazimika kujifunza njia upya. Manze, fikiria mtu mwenye jina, anakaribia miaka 40, anarudi darasa la kwanza kwa hiari yake.

Hata solo ya besi ilibidi mtu aidai. Jimmy Blanton alijiunga na bendi ya Duke Ellington mwaka 1939, kijana tu, akaanza kuipigisha besi melodia kama tarumbeta. Duke akaingia naye studio wakiwa wawili tu, piano na besi. Kifua kikuu kikamuua mwaka 1942, akiwa na miaka 23.

Huku kwetu neno jazz lilikuja bila hiyo habari. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Shirati Jazz: hizo ni bendi za gitaa, na gitaa ndilo linalopewa nafasi ya kutamba. Ukitaka dabo besi yenyewe, nenda kwenye taarab ya Zanzibar, kwa kina Ikhwani Safaa, walioanza 1905, au Culture Musical Club. Pale taksim, ule upigaji wa kubuni papo hapo, kwa kawaida ni wa udi, kanuni au fidla. Besi inashika chini. Lakini shingo yake haina vizuizi kama vya gitaa, kwa hiyo wimbo ukidai sauti iliyo katikati ya vitufe viwili vya piano, besi inafika bila kutyuniwa upya. Uwezo huo wote, na bado imesimama nyuma.

Nilikuwa nimekubali hivyo, mpaka nikaalikwa sherehe upande wa Kajiado mjini. Nyimbo za Wamaasai karibu hazina ala. Kuna pembe ya kudu kwa sherehe fulani, zaidi ya hapo ni koo tu. Wanaume wanaunguruma chini, pumzi kwa pumzi, na hiyo ndiyo besi yao. Anayeongoza, olaranyani, anatupa mstari, kundi linamjibu, kisha anaimba beti juu ya ule mngurumo. Kilichonishika ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyeajiriwa kuwa olaranyani milele. Anayeuweza wimbo huo vizuri ndiye anauongoza, na kwenye wimbo mmoja wanaweza kuwa zaidi ya mmoja. Mzee aliyekuwa akinguruma kando yangu alijitokeza, akaimba yake, akarudi akaendelea kunguruma. Hakuna aliyepiga makofi ya kushangaa. Mimi ndiye niliyeshangaa, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa amenifundisha kwamba hizo ni kazi za watu wawili tofauti.

Hakuna aliyetoa noti ya kuanzia pia. Sauti ya kiongozi ndiyo iliyotyuni wengine wote.

Nilikuwa nimerekodi kidogo kwa simu, kwa ruhusa ya wenyeji. Nyumbani Kitengela nikaiweka simu juu ya meza, nikaushusha uzi wa E polepole hadi ukakutana na wale wazee. Ulisimama karibu na D, ila si D yenyewe. Jirani akagonga ukuta. Nikauacha hapo hapo, nikaanza kutafuta solo.