Kipi ni cha Kumi, Kipi ni cha Namba Tasa?

Tazama 1487, 4817 na 8147. Zote ni namba tasa, kila moja imeizidi iliyotangulia kwa 3330, na zote zimeandikwa kwa tarakimu zilezile nne zilizobadilishana nafasi. Katika namba za tarakimu nne, utatu mwingine wa namna hii ni mmoja tu: 2969, 6299 na 9629. Nao tofauti yake ni 3330. Wapenzi wa hesabu huuonyesha kama ajabu ya namba tasa. Nadhani wanampa sifa asiyestahili, kwani sehemu kubwa ya ajabu hiyo imeletwa na mazoea yetu ya kuandika namba kwa makumi.

Ondoa tarakimu ya mwisho katika utatu wa kwanza. Zinabaki 148, 481 na 814: tarakimu ya mbele inahamia nyuma, basi. Zote ni vigawe vya 37, na 27 mara 37 ni 999. Kwa hiyo 4/27 kwa desimali ni 0.148148..., 13/27 ni 0.481481..., na 22/27 ni 0.814814... Kila hatua imeongeza 9/27, yaani theluthi moja, ambayo ni 0.333... Hapo ndipo ilipotoka 3330. Utatu wa pili unatokana vivyo hivyo na 8/27, 17/27 na 26/27. Mpaka hapa, utasa haujahitajika popote.

Unahitajika mwishoni. Weka 3 mahali pa ile 7 ya mwisho: 1483 ni tasa, 4813 ni tasa, lakini 8143 ni 17 mara 479. Mzunguko wa tarakimu uko vilevile na tofauti ni ileile. Utatu umevunjika kwa sababu isiyoonekana katika tarakimu.

Mifuatano mirefu ya namba tasa zinazopishana kwa tofauti moja nayo ipimwe hivyo. Wanahisabati Green na Tao walithibitisha mwaka 2004 kwamba ipo ya urefu wowote. Chukua ule wa namba kumi, kuanzia 199, 409, 619 hadi 2089, wenye tofauti ya 210. Zote zinaishia na 9. Tofauti isingegawanyika kwa 2, 3, 5 na 7, mojawapo ya namba hizo kumi ingegawanyika na isingekuwa tasa. Na tofauti ikishagawanyika kwa 2 na kwa 5, tarakimu ya mwisho haina pa kwenda. Jumla za tarakimu, 19, 13, 16, 19 na kuendelea, zikigawanywa kwa 9 huacha baki 1, 4, 7, kisha 1, 4, 7 tena, kwa kuwa jumla ya tarakimu huacha baki sawa na la namba yenyewe, na 210 huacha 3. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kulieleza hilo.

Sisemi kwamba tarakimu za namba tasa ni mchezo wa watoto. Mwaka 2010 Mauduit na Rivat walithibitisha kwamba, kadiri tunavyokwenda mbele, namba tasa zenye jumla ya tarakimu shufwa na zile zenye jumla witiri hukaribia kugawana nusu kwa nusu. Swali hilo Gelfond alikuwa ameliuliza tangu 1968. Lakini angalia sharti lao: kigawanyo kinachopima jumla kisiwe na kigawo cha pamoja na 9, isipokuwa 1. Namba 2 inapita. Namba 3 haipiti, kwani jumla ya tarakimu ikigawanywa kwa 3 huacha baki lilelile la namba yenyewe, na swali linarudi kwa Dirichlet, aliyeonyesha mwaka 1837 kwamba namba tasa hazina mwisho katika baki 1 wala katika baki 2.