Mabingwa wa Ukambani na mbio za Desemba

Jumapili ya pili ya Desemba, saa kumi na mbili jioni, mbuzi wanarudi zizini Kwa Vonza, Kitui, na jua linaelekea kuzama. Wakati huohuo, Honolulu huko Hawaii, ni saa kumi na moja alfajiri na marathoni inaanza gizani. Waandaaji huwahi hivyo ili kulikwepa joto, lakini halikwepeki. Jua likichomoza, hewa huwa nzito, upepo wa bahari huwapiga wakimbiaji usoni, na mwinuko wa Diamond Head hupandwa mara mbili, mara ya pili miguu ikiwa imeshachoka. Hapo si mahali pa kutafutia rekodi ya dunia.

Hata hivyo, vijana wa Ukambani wamezifanya mbio hizo kuwa zao. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyeanzia kwenye ndondi, alishinda mwaka 1991, 1992 na 1994. Hakuwa mtu wa kukosa mbio kubwa: Septemba 1992 alitwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni, kule Uingereza. Miezi mitatu baadaye alikuwa tena Honolulu, akitetea taji lake.

Akafuata Jimmy Muindi, aliyeshinda mara sita kati ya 1999 na 2007. Muda wake wa mwaka 2004, saa 2, dakika 11 na sekunde 12, ulibaki rekodi ya mbio hizo hadi 2016. Patrick Ivuti naye alitwaa marathoni ya Chicago mwaka 2007 kwa tofauti ya sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha akashinda Honolulu 2008 na 2009.

Kwa nini bingwa wa Chicago aende huko? Mkimbiaji wa marathoni hushindana kwa nguvu zake zote mara mbili hivi kwa mwaka. Mbio kubwa kama Boston, London, Berlin na Chicago huwa Aprili au kati ya Septemba na Oktoba, kwa hiyo Desemba inabaki wazi. Isitoshe, waandaaji wa mbio zisizo na hadhi hiyo humlipa mwenye jina ili aje, mbali na zawadi ya ushindi. Wapinzani wa kiwango chake ni wachache, na joto hulipa subira kuliko kasi.

Tenisi ina hesabu hiyohiyo. Bingwa wa Wimbledon huvuna pointi 2,000, na yapo mashindano ambayo mshindi hupata 250 tu. Nyota huyaingia hayo pia: hulipwa kwa kufika, hupata mechi za kujinoa, na pointi zile humlinda kwenye orodha ya ubora.

Mkulima wa ndengu wa Kwa Vonza hahitaji kufundishwa hesabu hii. Mvua ikinyesha hupanda, hata kama msimu si mnono, kwa kuwa mchagua jembe si mkulima.

Masya alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 33, lakini mfano wake umebaki. Kijana unayekimbia leo kandokando ya barabara ya Machakos–Kitui, usidharau mbio za wilayani wala za mji usiosikika. Bingwa wa dunia kutoka Kitui hakuzidharau.