Mwanga Unaozimika Njiani

Mwaka wa 1886, Eugen Goldstein wa Berlin alitoboa matundu kwenye kathodi ya mrija wa glasi ulionyonywa hewa karibu yote. Akapitisha umeme. Nyuma ya matundu ikatokea miale hafifu, akaiita miale ya mifereji. Leo tunajua zilikuwa ayoni zinazokimbia. Zikiwa za haidrojeni, nyingine huokota elektroni njiani na kuwa atomi zinazong'aa.

Zinang'aa kwa nini? Elektroni imepanda ngazi ya juu, na huko haikai. Inashuka, na ikishuka inatoa mwanga. Sasa swali: zilizopanda ni ngapi, na ziko wapi?

Mimi chuo niliacha njiani, lakini hili nililielewa nikiwa kwa matatu. Gari likienda mwendo uleule, huhitaji saa; stage zenyewe zinakuambia muda. Na ukihesabu wanaoshuka kila stage, unajua waliopanda walikuwa wangapi, wa karibu na wa mbali.

Wilhelm Wien alifanya hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliingiza miale hiyo kwenye ombwe, akapima jinsi mwanga wake unavyofifia kadiri inavyosonga mbele. Umbali ukawa saa.

Hebu tuone hesabu. Protoni iliyosukumwa kwa volti 20,000 hukimbia karibu kilomita 2,000 kwa sekunde. Ipitishe kwenye gesi kidogo, itoke ikiwa atomi iliyosisimka. Ngazi ya tatu ina makundi matatu, na yote hutoa mwanga mwekundu, wa nanomita 656 hivi. Kwa macho, huwezi kuyatenganisha. Lakini kundi moja hubaki theluthi hivi baada ya sentimita 1, la pili baada ya 3, la tatu baada ya 30 na kitu. Pima mwangaza hatua kwa hatua, uchore, kisha utenganishe mikondo mitatu. Hapo kila kundi limepata idadi yake.

Kuna mwingine aliyepata jina kwa miale hii. Mwaka wa 1905, Johannes Stark aliona rangi ya mwanga wake ikihama kidogo kwa sababu chanzo chenyewe kinakimbia. Ugunduzi huo ulimsaidia kupata Nobel ya 1919. Baadaye akawa Mnazi, akapigania ati "fizikia ya Kijerumani," akamwandama Einstein. Mwaka wa 1937, gazeti la SS liliwashambulia wanafizikia kama Heisenberg, likawaita "Wayahudi weupe." Stark akaunga mkono humohumo gazetini.

Na Goldstein? Alikuwa Myahudi. Alikufa 1930, kabla Wanazi hawajashika serikali.

Stark alijua vizuri miale ile ilitoka kwa nani. Kujua hakukumzuia. Kwa hivyo mtu akianza kukugawia maarifa kwa damu na kabila, usibishane naye sana. Muulize tu: yale matundu yalitobolewa na nani?