Majigambo ya Kulipiwa: Ricky Bobby na Pakruok

Talladega Nights, filamu ya Adam McKay ya mwaka 2006, haijifanyi kazi ya wasomi. Magari yanapinduka, matusi yanamwagika, na mwanamume mzima anakimbia uwanjani akiwa na chupi tu, akidhani anaungua. Will Ferrell anaigiza Ricky Bobby, dereva wa mbio za NASCAR aliyefundishwa na babake kwamba asiyekuwa wa kwanza ni wa mwisho. Mtazamaji wa Kisumu atacheka hata kama hajui kanuni za mbio hizo, maana majigambo ameyazoea kwenye desturi ya pakruok.

Katika pakruok, mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, hukatizwa katikati ya wimbo. Mtu hutoa pesa, nyuzi nane zikanyamaza, naye akajisifu: jina lake la sifa, kwao, shemeji zake, rafiki aliyeketi naye. Kisha muziki hurudi, hadi mwingine atoe pesa ajaribu kumpiku. Desturi hiyo ya karamu na matanga ya Waluo imeingia pia kwenye muziki wa ohangla na benga.

Pesa iko pande zote mbili, ila inapita njia tofauti. Ricky hulipwa ili ajisifu. Gari lake limebandikwa Wonder Bread, na anapomwomba Yesu mtoto mchanga mezani, mkataba unamlazimu ataje Powerade ndani ya sala. Ndicho kichekesho kikali kuliko vyote humo: hata maombi yake yana mdhamini. Wa pakruok hutoa mfukoni mwake. Amenunua nafasi ya kutia chumvi, wasikilizaji wanajua, naye anajua kwamba wanajua. Wanacheka pamoja naye. Ricky anachekwa, na habari hana.

Halafu kuna zamu. Pakruok haina mshindi wa mwisho; sifa huzunguka, na mwenye kujisifu huwavuta wenzake ndani. Ricky humbana rafiki yake Cal kwenye nafasi ya pili miaka nenda rudi. Mwishoni, Ricky na mpinzani wake Mfaransa, Jean Girard, wanagongana kwa magari na kumalizia mbio kwa miguu. Wote wawili wanaondolewa kwa kuyaacha magari, na ushindi unamwangukia Cal. McKay amelipindua funzo la baba, lakini mpangilio wenyewe haukuguswa: bado mmoja tu ndiye mshindi, na nembo anazozikejeli zimejaa kwenye skrini.

Pakruok nayo si safi. Mwanasiasa mwenye noti nyingi akiingia ukumbini, wimbo husimama kwa ajili yake mara nyingi kuliko kwa mvuvi. Hapo zamu zinaisha na mzaha unageuka kampeni. Ukumbi wa aina hiyo unahitaji Ricky Bobby wake, mtu wa kuyakuza majigambo ya wakubwa mpaka yachekeshe.