Sam Spiegel na Mamlaka ya Mtayarishaji juu ya Jina

Historia ya Hollywood imezoea kumpima mtayarishaji wa filamu kwa fedha alizoingiza na tuzo alizobeba. Kwa vipimo hivyo Sam Spiegel ana wachache wa kulinganishwa naye. Filamu zake tatu, On the Waterfront ya 1954, The Bridge on the River Kwai ya 1957 na Lawrence of Arabia ya 1962, zote zilitwaa Oscar ya filamu bora. Makala hii inadai kwamba hesabu hiyo inaficha kiini cha kazi yenyewe. Mtayarishaji hutafuta hadithi, hukusanya mtaji na huajiri mwongozaji, lakini pia ana sauti kubwa katika kuamua ni jina la nani litakalosomwa na watazamaji. Maisha ya Spiegel yanaonyesha mamlaka hayo kwa uwazi ambao ni vigumu kuupata kwingine.

Alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Jarosław, Galicia, eneo lililokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Alifanya kazi ya filamu Berlin mpaka Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, akakimbia. Alipofika Hollywood alijiita S. P. Eagle, na ni kwa jina hilo alitayarisha The African Queen (1951), iliyoongozwa na mshirika wake John Huston. Hadithi ya filamu hiyo ni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sehemu kubwa ilipigwa kwenye mto Ruiki, kusini mwa Kisangani ya leo, na nchini Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Kambi ya wasanii ilijengwa msituni kwa mikono ya wenyeji, lakini ulimwengu ukawakumbuka nyota wa filamu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Mwanahistoria wa filamu katika ukanda wetu ana haki ya kuuliza nani aliyeijenga kambi hiyo, kwani bila yeye hakuna picha hata moja ambayo ingepigwa pale.

Spiegel alirudia jina lake halisi kwa On the Waterfront. Studio kubwa zilikuwa zimeukataa mswada wa Budd Schulberg juu ya ufisadi katika chama cha makuli wa bandarini. Spiegel aliuchukua, akamlazimisha mwandishi kuuandika upya mara kwa mara, na filamu ikapigwa Hoboken, New Jersey. Hapa ndipo ninapouona ubora wake usiopingika: alikuwa msomaji mkali wa miswada, asiyekubali tukio lililolegea. Mwongozaji wake, Elia Kazan, ndiye aliyekuwa amewataja wenzake wa zamani wa Chama cha Kikomunisti mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1952.

Miaka mitatu baada ya On the Waterfront, Spiegel alisimama upande wa pili wa jambo hilohilo. Mswada wa The Bridge on the River Kwai uliandikwa na Carl Foreman, kisha Michael Wilson, wote wawili wakiwa wamefungiwa milango ya studio kwa tuhuma za ukomunisti. Filamu ilipotoka, aliyetajwa kuwa mwandishi ni Pierre Boulle, Mfaransa aliyetunga riwaya, ambaye hakuandika kwa Kiingereza. Tuzo ya mswada bora ikaenda kwake. Academy, inayotoa Oscar, ilikuja kuwatambua Foreman na Wilson miongo karibu mitatu baadaye. Kufikia 1985, familia zao zilipokabidhiwa tuzo hizo, wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki.

Wanaomtetea Spiegel wana hoja nzito, na nawapa haki yao. Kuwapa kazi watu hao katika miaka ile kulihitaji ujasiri, na filamu yenye majina yao ingeweza kukosa soko Marekani. Hata hivyo hatari haikugawanywa sawa. Mtayarishaji alipata filamu na heshima. Waandishi walipata ujira na ukimya. Mtu aliyewahi kujificha nyuma ya jina la bandia alijua vyema thamani ya kile alichowanyima.

Katika Lawrence of Arabia jambo hilo lilijirudia. Wilson aliandika mswada wa kwanza, kisha Robert Bolt akapewa kazi ya kuuandika upya, na jina la Bolt peke yake likaonekana kwenye filamu. Mwaka 1961 Bolt mwenyewe alifungwa Uingereza kwa sababu ya kupinga silaha za nyuklia. Kazi ilikuwa inasubiri na gharama zinapanda, kwa hiyo Spiegel alimshawishi atie saini ahadi ya kutovunja amani ili aachiliwe. Bolt alitia saini, na baadaye alijuta kwa uchungu. Tukio hili lina uzito zaidi ya Oscar yoyote, kwa kuwa linaonyesha mtayarishaji akifikia hata dhamiri ya mwandishi wake ili ratiba isikwame.

Spiegel alifariki tarehe 31 Desemba 1985. Mwaka 1995 chama cha waandishi wa filamu cha Marekani kiliamua kwamba Wilson atambuliwe kuwa mwandishi wa Lawrence of Arabia pamoja na Bolt. Uamuzi huo ulitolewa na waandishi wenzake, miaka thelathini na mitatu baada ya filamu kuonyeshwa.